Samaki Mwenye Taa Kwenye Mdomo wa Duara

Nianze na samaki mwenyewe, kwa sababu kila ninaposimulia jambo hili watu hukimbilia dhahabu na mganga, wakamwacha samaki pembeni kana kwamba hakuwepo. Alikuwepo. Alikaa kwenye chupa ya fomalini juu ya rafu ya maabara yangu, katika shule ya sekondari isiyo mbali na Kharumwa, katika miaka ya tisini nilipokuwa mwalimu mgeni wa biolojia, mwembamba, mkali, na nisiyetaka kuambiwa kitu.

Nilimpata kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya shule mjini Shinyanga. Ndugu yake alifanya kazi katika meli ya utafiti iliyokuwa ikivua kwenye kina kirefu cha bahari, na akamletea yule samaki kama zawadi. Yule mzee hakujua amfanyie nini. Alimweka kati ya wino na madaftari, na mke wake alikuwa akimfunika kwa kitambaa kila wageni wakija. Nilimwomba nikakataliwa. Nikarudi nikamwomba tena. Kila nilipokwenda kununua chaki nilimwomba, mpaka siku moja akasema, "Chukua, mwalimu, chukua. Mama atafurahi nyumba ikiwa haina shetani."

Shetani mwenyewe alikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Mweusi, ngozi laini isiyo na magamba, mdomo umetazama juu kama mtu anayesubiri kumiminiwa maji. Meno yake yalikuwa membamba na marefu, yamelala kuelekea ndani, kwa hiyo kilichoingia hakikuwa na njia ya kutoka. Na kwenye paji la uso ilimwota fimbo fupi, na mwisho wa fimbo kulikuwa na kitufe kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Hicho kitufe ndicho taa yake.

Huyu ni jike, na makazi yake ni chini sana, zaidi ya pale mwanga wa jua unapokoma. Kule mchana na usiku havitofautiani. Maji ni baridi mwaka mzima, na uzito wa maji yaliyo juu ungemponda mtu asiseme hata neno. Chakula ni haba. Kwa hiyo huyu samaki hafukuzi kitu, maana kufukuza kunamaliza nguvu asizokuwa nazo. Anaelea tu palepale, kimya, akitikisa ile fimbo taratibu. Ndani ya kitufe wanaishi bakteria wanaotoa mwanga. Samaki mdogo akiona nuru gizani anadhani ni chakula, anasogea, anasogea tena, halafu mdomo unafunguka na maji yanamvuta ndani. Tumbo nalo linatanuka, anaweza kumeza aliye mkubwa kuliko yeye.

Wanafunzi wangu walikuwa hawajaiona bahari. Waliwajua sato na sangara wa ziwani, na kamongo anayejizika kwenye tope wakati wa kiangazi, lakini samaki mwenye taa aliwatoa kwenye madawati. Nilipofika kwenye habari za dume darasa lilivunjika kabisa. Dume ni kidudu, ukubwa wa kidole. Anazaliwa na pua kubwa kwa ajili ya kunusa jike gizani, na asipompata anakufa kwa njaa. Akimpata anamng'ata ubavuni na haachii. Midomo yake inaungana na ngozi ya jike, damu zao zinakuwa moja, kisha macho yake yanapotea, mapezi yanapotea, matumbo yanapotea. Anabaki kama chunusi iliyoning'inia kwa mkewe, akilishwa maisha yake yote.

"Mwalimu," alisema msichana mmoja wa mstari wa nyuma, "huyo si samaki, huyo ni shemeji yangu."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilikuwa na furaha sana mwaka ule, nakiri, na nilitaka kila mtu amwone samaki wangu.

Kaka yangu naye alikuja kumwona. Ndiye mkubwa wetu, mtoto wa kwanza wa mama, aliyeacha shule akiwa bado mdogo akaingia machimboni ili sisi wengine tusome. Nilimheshimu kama baba. Alipoingia maabara nilimpa shikamoo, akaitika bila kunitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ile chupa.

"Hii taa inawaka bila betri?"

"Bila betri. Kuna vijidudu ndani yake, ndivyo vinavyowaka."

"Na inawaka chini kabisa? Kwenye giza?"

"Hukohuko. Juu haina kazi."

Alivuta kigoda akakaa. Aliuliza maswali mazuri kuliko mkaguzi wa elimu: anajuaje njia, anaonaje, anapataje chakula mahali pasipo na kitu. Nilimjibu kila kitu kwa raha, na nikamwambia pia kwamba taa ile ilizimika tangu samaki alipofia nje ya maji, kwamba haitawaka tena. Hilo, nafikiri, hakulisikia.

Baada ya siku chache chupa haikuwepo. Wavu wa dirisha ulikuwa umekatwa vizuri, kwa koleo. Hadubini ilikuwa pale pale. Mizani ilikuwepo, asidi zilikuwepo, hata saa ya ukutani ilikuwepo. Mwalimu mkuu alicheka akasema mwizi wa namna hiyo apelekwe hospitali, siyo polisi. Mimi sikucheka. Nilikasirika, na jioni ile niliwafokea watu wasio na kosa.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuja kuniambia. Alifika asubuhi, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikataa chai. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu akasema, "Wifi, samaki wako yuko kwetu."

Habari yake ilikuwa hivi. Kwenye machimbo ya upande wa Segese, alikofanya kazi kaka, kulikuwa na duara moja la zamani lililoachwa tangu mvua za masika, lilipojaa maji. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na hili lilikuwa refu, lenye vichochoro chini, na kila mtu aliamini kwamba wenyewe waliliacha likiwa linakaribia mali. Sasa maji yalikuwa yamepungua. Kaka na wenzake walitaka kushuka. Wakaenda kwa mfumu, mganga wa kule, kuomba dawa ya kuiona dhahabu, na katika mazungumzo kaka akamweleza habari za samaki wa dada yake, anayetembea na taa gizani na chakula kinamfuata mwenyewe. Mganga akasema samaki huyo ndiye dawa. Aletwe. Ashonewe kwenye kifuko, avae shingoni yule atakayetangulia kushuka. Na kwa kuwa samaki ni wa ukoo wake, atangulie kaka.

"Waache wavae," nilisema. "Mimi nataka samaki wangu tu."

"Bado sijamaliza, wifi. Kasema taa ya samaki haikai pamoja na moto mwingine. Hakuna tochi. Hakuna kibiriti. Hakuna koroboi."

Hapo nilisimama.

Kaka mwenyewe alinifundisha habari za koroboi nikiwa mtoto. Shimo lililokaa muda mrefu hujaa hewa nzito, hewa iliyokufa, haina harufu wala rangi. Mchimbaji yeyote kabla ya kuingia kwenye shimo kama hilo huteremsha koroboi inayowaka kwa kamba. Ikiendelea kuwaka, anashuka. Ikizimika, haendi mtu. Kila mchimbaji alijua hilo kama anavyojua jina la mama yake, na kaka alilijua kuliko wote. Lakini mganga alikuwa amewapokonya moto, na wao wakaukabidhi. Walikuwa wanashusha mtu gizani kwa imani ya samaki ambaye maisha yake yote hajawahi kuvuta hewa.

"Wanashuka lini?"

"Kesho, jua likipanda. Mimi siwezi kwenda pale. Nikimharibia, ataniacha na watoto hawa. Wewe ni dada. Dada haachwi."

Nilipanda lori la pamba. Dereva alinipa nafasi juu ya robota kwa sababu mbele kulijaa, na nilifika na pamba kwenye nywele, sauti imekauka kwa vumbi. Nililala kwa mama ntilie mmoja aliyejuana na wifi, mwanamke mnene wa maneno machache, na asubuhi nilimwomba koroboi yake na kamba ya kisima. Aliuliza naenda wapi. Nilipomwambia, alishika kinywa.

"Mwanamke hafiki pale, mwanangu. Sisi tunauzia ubwabwa huku mbali. Ukikanyaga mdomo wa duara dhahabu inahama. Watakupiga."

Nilijua mwiko huo. Kila mtu aliujua. Mwanamke akikaribia, mali inazama au inageuka mchanga mtupu, na itabidi dawa ifanywe upya, mbuzi achinjwe upya, siku ichaguliwe upya. Nilikuwa nimeuchukia mwiko huo tangu utotoni. Asubuhi ile niliupenda.

Walikuwa wamekusanyika tayari. Kaka alikuwa katikati, kifua wazi, kifuko cha kaniki kimening'inia shingoni, kamba imeshafungwa kiunoni. Nilikiona kifuko kimevimba upande mmoja nikajua samaki wangu yuko humo. Nilitembea moja kwa moja, sikupunguza mwendo, nikapita kati yao kabla hawajaelewa ni nani, nikakaa kwenye mbao zilizozunguka mdomo wa shimo, miguu imening'inia ndani.

Kisha wote wakapiga kelele kwa pamoja, Kiswahili na Kisukuma vikagongana. Msimamizi wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya pama, alinifikia akasimama hatua chache kutoka nilipo. Hakunishika. Kunishika kungekuwa kuongeza balaa.

"Dada, ondoka hapo."

"Nimekuja kuchukua samaki wa shule."

"Mpeni samaki wake aondoke!"

"Na nimekuja kumchukua kaka yangu."

Kaka alikuwa amekunja uso mpaka simtambui. "Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani, "unanivua nguo mbele za watu. Simama."

"Sisimami."

"Nilikusomesha ili uje unizibie riziki?"

Neno lile lilinichoma, na bado linanichoma. Nililia, sikujificha, lakini sikusimama. Nikiwa ninalia hivyohivyo nilianza kuwaeleza. Sijui kwa nini niliamini mtu anaweza kufundisha mahali kama pale, lakini sikuwa na kazi nyingine duniani. Niliwaambia taa ya yule samaki si ya kuonea njia. Yeye mwenyewe karibu haoni. Taa ile ni chambo. Haimsaidii kutafuta kitu, inawaleta wengine mdomoni mwake. "Mwenye taa anatulia tu palepale," nilisema. "Anayeufuata mwanga ndiye anayeliwa. Mganga wenu yuko hapa? Anashuka na nyinyi?"

Mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mganga hakuwepo. Alikuwa kwake, na mbuzi wao ameshamla.

"Maneno ya shule hayo," alisema msimamizi.

"Haya basi, tuache ya shule. Tufanye ya kwenu." Nikatoa koroboi kwenye kikapu. Niliwasha, kibiriti kilinizimikia mara kadhaa. Niliifunga kwenye kamba.

Kelele ziliongezeka. Moto! Ameleta moto! Lakini nilikuwa nimekaa pale tayari, mwiko ulishavunjika, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunigusa. Niliteremsha kamba polepole. Tuliiona nuru ikishuka, ikipita mbao za juu, ikipita alama za sururu, ukuta mwekundu ukawa wa kijivu. Watu walisogea bila kutaka. Hata kaka alisogea. Ilikuwa inawaka vizuri, na kwa kitambo nilianza kuogopa kwamba itafika chini ikiwaka, na kwamba nimemdhalilisha kaka yangu bure.

Kisha mwali ulirefuka, ukawa mwembamba, ukazimika.

Nilivuta kamba, nikawasha tena, nikateremsha tena. Ilizimika pale pale, juu sana ya mahali kamba ya kaka ingefika. Nikafanya mara ya tatu. Nilikuwa sihitaji mara ya tatu, lakini nilitaka kila mmoja wao aione kwa macho yake, na nilitaka kaka aione. Nilimtazama usoni mwali ulipozimika. Alikuwa anaangalia shimo, na mkono wake ulikuwa umeshika ile kamba ya kiunoni.

"Mmeona?" alisema msimamizi. Nilidhani amenielewa. Nilivuta pumzi ya kushukuru. "Mmeona alichofanya? Dhahabu imekasirika. Duara lilikuwa zima mpaka jana. Huyu amekaa hapa, amelizima."

Na wote wakaitikia. Wachimbaji wazoefu, watu waliowahi kuvuta maiti za wenzao kutoka kwenye hewa nzito, waliitikia. Nilitafuta uso mmoja wa kunitetea nikaukosa. Nilitaka kubishana, nikafungua mdomo, halafu nikaona kwamba kaka ameanza kufungua fundo la kamba kiunoni. Nikafunga mdomo. Sababu yoyote iliyomfungua fundo lile ilinitosha.

Walimfukuza siku ileile. Mtu ambaye dada yake anakanyaga mdomo wa duara hafai kuwa kwenye kundi, mkosi wake utawafuata. Walihamia duara jingine bila yeye. Kaka alichana kile kifuko, akanitupia samaki miguuni, akaondoka mbele yangu bila kugeuka. Samaki alikuwa amekauka, na ile fimbo ya taa ilikuwa imekatika, sikuiona tena. Nilimfunga kwenye khanga nikamrudisha shuleni, nikamtafutia chupa nyingine, na niliendelea kumfundishia miaka yote niliyokuwa pale. Nilikuwa nikichora fimbo ubaoni.

Kaka alirudi kwenye shamba la baba, akalima pamba na mpunga, akaongeza ng'ombe kidogo kidogo. Kwa muda mrefu hakunisemesha. Nilikwenda kumwona kila likizo. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa pua, na wifi alinipa kigoda karibu na jiko nikakaa huko. Mara moja tu alinigusia habari ile, na hakuuliza kuhusu hewa wala koroboi. Alikuwa anafunga ng'ombe zizini, na alisema akiwa amenipa mgongo, "Yule dume mdogo uliyekuwa unawachekesha watoto. Akishang'ata, anaweza kuachia?"

"Hawezi, kaka. Mpaka wafe."

"Basi uliponitoa kule ulikata nyama," alisema, akaendelea na ng'ombe wake.

Hilo ndilo neno la upole pekee nililopata kwake juu ya jambo lile, kama lilikuwa la upole. Hajanisamehe. Mimi sikuwahi kumwomba msamaha, na sitamwomba, kwa sababu nikirudishwa pale leo nitakaa tena kwenye zile mbao, nitalia tena na sitasimama. Ukoo ukikusanyika, iwe harusi au msiba, lazima ifike saa ya kaka kueleza kwamba lile duara lilikuwa na mali, kwamba angekuwa na mashine za kukoboa mpunga na nyumba Shinyanga mjini, na kwamba aliyemnyima ni huyu hapa, mwalimu, mwenye samaki. Anasema kwa sauti inayofika barabarani. Wajukuu zake wanaijua hadithi hiyo kwa moyo, na wengine hunitazama kwa hasira. Wifi huinama kwenye sufuria asionekane uso. Nami sijibu. Nakaa karibu yake kabisa, namwacha aseme mpaka pumzi imwishie, avute nyingine, aendelee.